Jicho la Dada Yako Lililopimwa kwa Simu

Mtaa wa Hekalu,
Tenkasi.
9 Julai 2020

Mpendwa Shemeji Pushpavalli,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Penang, na kwamba korona haijabisha mlangoni kwenu. Sisi hatujambo, isipokuwa jicho la kulia la dada yako, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Jumatatu moja mwezi uliopita aliamka jicho likiwa jekundu, kichwa kikimgonga, tena akitapika. Barabara zilikuwa zimefungwa. Mkazamwana wetu, Kanmani, akampata daktari wa macho wa kuonana naye kwa video. Mimi sikuafiki. Daktari gani asiyeweza hata kumgusa mgonjwa? Nilimtaka ataje jina lake, hospitali yake na mahali aliposomea. Akataja yote bila kukasirika, jambo lililonizidishia shaka.

Alimwambia dada yako afunike lile jicho la kushoto lisiloumwa kwa kiganja, kisha asome kalenda ya ukutani. Akasoma bila kusita: leo saa ya mkosi, ile isiyofaa kuanzia jambo, ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu. Nikasema mgonjwa anaona vizuri, basi tupewe dawa ya matone tuagane.

"Mzee, saa ya mkosi ya Jumatatu hata mimi naijua nikiwa usingizini," daktari yule akasema. "Hebu muonyeshe vidole."

Nikanyoosha vitatu. Dada yako akauliza, "Baba Selvam, kwani umesimama wapi?"

Daktari akasema presha imepanda ndani ya jicho, twende hospitali siku hiyohiyo. Nilishuku kwamba tunaitwa huko tukaambukizwe. Dada yako ndiye aliyekata shauri: "Wewe baki na shaka zako. Kanmani, nitafutie gari."

Nilikwenda nao. Walimtoboa jicho kwa mwanga wa leza ili maji yaliyojaa ndani yapate njia, na la pili pia, kwa kuwa lilikuwa likielekea hukohuko. La kulia limerudi nusu. Nusu nyingine hawaahidi. Simu ile bado siiamini.

Ila wanasema ugonjwa huu hutembea katika damu, nanyi ni wa tumbo moja. Nenda ukapimwe wiki hii, ana kwa ana. Ukiulizwa unaona nini, mumeo asikujibie.

Mwanetu Selvam na Kanmani wanakusalimu, msalimie mumeo. Mungu wetu Murugan akulindie macho yako.

Wako akupendaye, anayesubiri majibu ya vipimo vyako,
Shemeji yako Arunagiri