Nilitoa Ushuhuda Kabla ya Jibu

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie, ingawa najua utashtuka kuona ni mimi ninayeomba, maana mtaa huu mzima ukikwama huja kwangu, hata mchungaji hapangi jambo bila kunitazama usoni kwanza, na shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu alikwisha kunipa yote aliyokuwa nayo. Mimi ni fundi wa mapaa, wapwa zangu wananiita Mjomba Msumari, na kanisa letu nililiezeka mimi, siku ambayo wingu jeusi lilikuja likasimama juu yangu likangoja, nikapiga msumari wa mwisho, nikashuka ngazi, nikanawa mikono, ndipo mvua ikanyesha.

Sasa shida ni hii. Mke wangu aliitwa na Bwana zamani kidogo, watoto wana nyumba zao, nimebaki mimi na redio, na chakula nakula nimesimama jikoni kwa sababu nikikaa mezani naviona viti vitupu. Nikamwomba Mungu mwenzi, na kwenye kwaya yupo dada mmoja mjane, fundi cherehani, anaimba sauti ya pili, akicheka hata mtu mwenye jino bovu anacheka naye, nikajikaza nikamwambia nia yangu, akasema, "Kaka, nimekusikia. Nipe muda niombe." Nikangoja, nikangoja, mshauri, mimi ni mtu wa nyundo, kungoja sikufundishwa, ndipo Jumapili wakati wa shuhuda nikashtukia miguu imeshasimama yenyewe, nikatangaza kwa imani kwamba Bwana amenijibu, dada amekubali! Kanisa likalipuka vigelegele, mpiga kinanda akaingiza wimbo wa harusi, mama mchungaji akaanza kuulizia rangi ya sare, na dada yuko pale kwenye kwaya, kitabu cha nyimbo kakishika juu chini.

Kesho yake nikaenda kibandani kwake. Pini mdomoni, anampima mteja bega. Akazitoa moja moja.

"Hongera, kaka, nasikia umepata mchumba. Ukishamjua ni nani, mlete nimpime gauni."

Mteja akacheka mpaka tepu ikaanguka.

"Dada, nilisema kwa imani."

"Mimi bado naomba. Wewe umejibiwa na nani?"

Je, nimeharibu? Nampenda kweli, na naogopa jibu lililokuwa njiani nimelifukuza kwa mdomo wangu. Na nikiri kitu kimoja kidogo: kila wiki bado nampelekea suruali anishonee pindo, na suruali hazina kasoro yoyote. Pindo nalifumua mwenyewe, kwa wembe.

*Mshauri anajibu:*

Mjomba Msumari, pole, na hongera kwa kuthubutu kupenda tena. Huko kula umesimama hata mimi nakujua, sitakucheka. Lakini sikio nitakuvuta. Mvua ilikusubiri unawe mikono, wewe ukashindwa kumsubiri mwanamke aliyepiga magoti? Imani gani hiyo ya kumtangulia Mungu mlangoni kisha kumkaribisha ndani? Aliposema anaomba, alikuheshimu: alilichukua neno lako akalipeleka juu. Wangapi huambiwa "hapana" palepale barabarani!

Hujalifukuza jibu, maana Mungu hakimbizwi na mdomo wa mtu. Uliyemwumiza ni dada wa watu, kwa kumjibia mbele ya kanisa zima.

Basi Jumapili simama palepale useme: "Nilitangaza jibu ambalo sikupewa. Dada hajasema lolote. Naomba radhi." Kisha kaa. Usiongeze hadithi ya wingu. Mama mchungaji mwambie aache habari ya sare. Nyumbani vuta kiti, pakua, ule umeketi kama mtu mwenye mgeni, na sala yako iwe fupi: Bwana, mpe dada jibu lake, si langu, nami nitakushukuru kwa lolote. Siku utakayoweza kuisema hiyo ukapakua chakula huku unaimba, ujue ndiyo kwanza umeanza kungoja, na utashangaa kungoja kulivyo na furaha yake.

Na wembe weka chini. Fundi cherehani anautambua uzi uliokatwa kwa wembe kabla hujamaliza kuikunjua suruali. Amekujua tangu ile ya kwanza, na bado anazipokea.

Lakini hilo si jibu, mjomba. Usilitangaze.