Shati la Saba

Chumba cha Kushonea,
Nyumba ya Kona,
29 Desemba.

Mpendwa mdogo wangu Twiga,

Kabla ya yote, u mzima? Usinijibu "sijambo" halafu ukapita njia; nijibu kiungo kimoja kimoja. Kile kikohozi ulichokitaja mwezi wa sita kimekwisha? Na goti? Unakaa chini ukala, au bado unakula umesimama dirishani na kipande cha mkate mkononi kama mtu anayesubiri basi? Huku sisi ni wazima, isipokuwa shingo yangu ambayo imeamua kuzeeka kabla ya mwenyewe. Shemeji yako hajambo. Mpwa wako hajambo na nusu. Baba nitamfikia, na tafadhali usiruke mistari kumtafuta.

Barua yako ya vitu vitano ulivyovipenda mwaka huu ilifika wiki iliyopita na nimeshaisoma mara tatu. Kiti cha dirishani kwenye treni ya asubuhi, nimekubali. Yule mwenzako anayeimba akiosha sufuria, nimempenda bila kumwona. Lakini viatu visivyoingiza maji! Mtu mzima anapewa mwaka mzima achague, anachagua viatu. Nilicheka mpaka nikaumia mbavu, kisha nikawaza kwamba kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unatembea na miguu iliyolowa na hukuniambia.

Basi ni zamu yangu. Mwaka wa saba huu tunaandikiana hivi, na kila mwaka naanza nikidhani sina la kusema.

Cha kwanza ni dirisha. Nimetoboa ukuta upande wa barabara, pale palipokuwa na kalenda, na sasa mwanga unalala juu ya meza ya kukatia tangu asubuhi mpaka jioni. Utauliza dirisha nalo lina nini. Mwaka jana nilimtilia karani wa posta kiraka kwenye suruali yake ya bluu, mahali pa kukalia, na gizani mle nikatumia kitambaa cheusi. Hakuna aliyemwambia mpaka aliposimama kuhutubia mkutano na kuwageuzia watu mgongo. Alirudi na uso umemvimba. Sasa nyeusi naijua, bluu naijua, na karani tumepatana.

Cha pili ni gauni la nesi. Yule wa zahanati, aliyekuchoma sindano ukamng'ata, amestaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya nguo nyeupe. Alikuja akaniambia, "Nataka jekundu. Jekundu la kumfanya mtu ageuke. Na mifuko mikubwa, nimechoka kushika vitu mkononi." Nilimshonea. Siku ya kulichukua alilivaa palepale, akaingiza mikono yote miwili mifukoni na kutoka hivyo barabarani, taratibu, bila kubeba chochote. Nilisimama mlangoni mpaka akakata kona. Kazi yangu nimeifanya miaka mingi, lakini siku ile niliipenda upya.

Cha tatu kitakuchekesha. Shemeji yako aliitengeneza redio iliyokuwa haijaharibika. Tangu siku hiyo inakamata stesheni moja tu, ya lugha ambayo hakuna anayeijua mtaa mzima, na sisi tunaisikiliza kila saa nne tukinywa chai. Kuna mama anasoma habari. Shemeji yako anashikilia kwamba ana matatizo na mkwe wake, na akipumua tu katikati ya sentensi, ananitazama kama kusema, umeona? Mwezi wa nane fundi redio alijitolea kuirudisha kama zamani. Tukamwambia asante, iache.

Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele na amejifunza kutunga uzi kwenye sindano. Anaulamba, anafumba jicho moja, unaingia mara ya kwanza. Mimi na miwani yangu mipya huchukua dakika nzima. Kumbuka jambo hilo la sindano, litarudi.

Nimefika cha nne, au cha tano kama miwani inahesabiwa. Sasa Baba.

Kila mwaka mwisho wa barua yako unaandika mstari mmoja, "Mzee anasemaje?" Na kila mwaka nakujibu, "Hajambo, anakusalimu." Hajambo lilikuwa la kweli. Anakusalimu nilikuwa natunga mwenyewe. Nisamehe, nilifanya hivyo kwa sababu sikuwa na cha kukupa.

Lakini lipo jambo nililokuficha miaka yote saba kwa kuwa niliahidi, na leo naivunja ahadi hiyo nikiwa na akili zangu timamu.

Unaikumbuka siku ile kuliko mimi. Nilikuwa nimeshika pasi. Ulimwambia hutaki kuzeeka umepinda mgongo juu ya cherehani kama yeye. Naye akasema, "Ukivuka kizingiti hicho, nguo niliyoshona mimi usiivae tena." Ukavua shati palepale, ukalikunja, ukaliweka mezani na kutoka na fulana. Ulilikunja vizuri, mikono ndani, ukosi juu. Hata umekasirika ulikuwa mtoto wa fundi. Pasi ilinichomea kitambaa cha mteja na wala sikusikia harufu.

Miezi mitatu baadaye Baba aliingia hapa na kitambaa kwapani, akakaa kwenye benchi la wateja. Benchi la wateja, Twiga, katika chumba alichokijenga mwenyewe. Akasema, "Nina kazi. Shati."

Nikamuuliza la nani.

"La yule mrefu."

Nikamwambia sina vipimo vyako vya karibuni, ulikuwa bado unakua. Akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono pembeni. "Nipime mimi. Mwili ni ule ule. Na shati unashona wewe, mimi simo. Mimi ni mteja tu. Na usimwambie."

Ndivyo alivyo Baba wetu. Alitaka uvae nguo na alitaka neno lake lisianguke, akatafuta njia ya kupata vyote viwili. Nilishona. Alilikagua shati kama anavyokagua, kwa kulipindua nje ndani, akaliweka kwenye sanduku la bati la marehemu Mama. Mwaka uliofuata alikuja tena. Na uliofuata. Mashati yako yamo sandukuni sita, Twiga, yote mikono mirefu, yote hayajavaliwa hata mara moja.

Sasa sikiliza jambo lililokuwa likinisumbua mimi. Mwaka wa kwanza kifua chake kilikuwa inchi arobaini na mbili. Wa pili, arobaini na mbili. Wa tatu, arobaini na moja na nusu. Wa nne, arobaini na nusu. Ukurasa wako kwenye daftari la vipimo una namba zinazoshuka, na si wewe unayepungua. Kuanzia mwaka wa tatu nikawa naandika kipimo cha kweli kwenye daftari, kisha nakata kitambaa kwa kile cha mwaka wa kwanza. Nilijua hadanganyiki, fundi wa miaka arobaini. Alijiwekea shati kifuani, mabega yakaning'inia, akasema tu, "Sawa. Ndivyo alivyo." Nikajitia hamnazo, naye akajitia hamnazo, maisha yakaendelea.

Mwaka huu alikuja mwezi wa tisa, mapema kuliko kawaida, na kitambaa cha bluu hafifu chenye mstari mwembamba. Nikachukua tepu. Akanyoosha mikono. Mpwa wako alikuwa sakafuni anaokota vifungo, akauliza, "Babu anacheza ndege?" Baba akacheka. Huijui furaha niliyoipata, maana kicheko chake kilikuwa kimeadimika. Lakini akiwa bado anacheka mikono yake ikaanza kutetemeka, ikashuka yenyewe kabla sijamaliza kupima. Nikaandika thelathini na saba.

Akaniomba daftari. Hajawahi kuniomba daftari. Akavaa miwani yake, akaweka kidole kwenye arobaini na mbili, akateremka nacho taratibu mpaka chini, namba moja baada ya nyingine. Hata mpwa wako akaacha vifungo akamtazama. Kisha akasema, "Hiki si kipimo chake." Akalifunga daftari. "Nipe mkasi."

Nikampa.

Alikata mwenyewe. Alishona mwenyewe, majuma tisa, kwenye cherehani yake ya zamani karibu na dirisha jipya. Sindano alitungiwa na mpwa wako, lakini mimi sikuruhusiwa kugusa hata ukosi. Mshono wenyewe, nikuambie ukweli, umepinda. Kama angeukuta kwenye kazi yangu zamani angeufumua mbele ya mteja na kunifanya nione haya wiki nzima. Mara mbili aliufumua mwenyewe, akaanza upya. Siku moja nilijikaza nikamuuliza, "Baba, si ulisema asivae tena ulichoshona wewe?" Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa zote, ndipo akanijibu, "Nilisema. Sasa nashona."

Hicho ndicho kitu changu cha mwaka, mdogo wangu. Dirisha na gauni jekundu nimevipenda kweli, lakini nilivitanguliza kwa sababu nilikuwa naogopa kufika hapa.

Shati halijaisha. Mbavuni limeshikwa kwa pini, na mikono haijapindwa, kwa sababu hajui urefu. Nilimwambia nikuandikie unitumie namba tu, nami nitamalizia kwa siku moja. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mwanafunzi wake na nimekata kitambaa kinyume. "Nguo haimaliziwi mwenyewe hajaijaribu. Nani alikufundisha kazi?" Basi linaning'inia kwenye msumari kando ya dirisha na pini zake, na sisi sote tunapita kwa mbali. Karani wa posta aliliona akauliza kama linauzwa. Baba akamwambia, "Lina mwenyewe," kisha akaendelea na chai yake.

Sitakuambia uje. Wewe ukiambiwa kimbia unakaa, nakujua. Nakuambia tu ninachokiona kutoka meza ya kukatia. Si mgonjwa, anakula, anatembea mpaka sokoni na kurudi. Ila mikono inatetemeka zaidi asubuhi kuliko mwezi uliopita, na mimi ninayempima kila mwaka nazijua namba zake. Naogopa, Twiga. Sijui kama mwaka ujao mikono ile itaweza kupinda pindo. Hilo sikuweza kumwambia mtu mwingine, hata shemeji yako.

Najua nawe una neno lako ulilolisema siku ile, na najua uliwahi kujuta, maana hakuna mtu anayeuliza "Mzee anasemaje?" mara saba bila sababu. Hajasema amekosea. Usingoje aseme, hana maneno hayo, hakuwahi kuwa nayo hata Mama alipokuwa hai. Ana pini.

Jana nilimwambia kwamba nakuandikia na kwamba safari hii nitakueleza yote. Nilidhani atakuja juu. Akaendelea kulitazama shati pale msumarini, kisha akasema, "Muulize kama amenenepa."

Nami nakuuliza, kama nilivyotumwa. Umenenepa? Na usithubutu kunijibu kwa inchi.

Shemeji yako anakusalimu na kukuambia kwamba yule mama wa redioni sasa anaongea kwa furaha, huenda mkwe amehama. Mpwa wako anasalimu mjomba asiyemjua, na anauliza kama wewe pia ukipimwa unacheza ndege. Nesi anakusalimu kutoka ndani ya mifuko yake. Alama ya meno yako anasema anayo bado. Seremala wa jirani anadai ulimwachia jembe bovu, sijui habari hiyo, mtamalizana wenyewe.

Mungu akulinde njiani na kazini, akukaushie miguu, na akupe mwaka wenye mambo mengi ya kuchagua.

Na Baba anakusalimu. Hiyo sikuitunga. Alisimama nyuma yangu sasa hivi, akaniambia niiandike.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako mkubwa.