Kuku wa Kuingia Ziwani

Bukavu, 4 Juni 2023
Mwaka wa ishirini na nne tangu niondoke nyumbani

Dada yangu Apolline,

Goti lako linasemaje? Presha yangu imetulia, na nina habari: nimeanza kujifunza kuogelea!

Ornella, mke wa mwanangu Delphin, amefungua masomo ziwani, mahali penye maji matulivu. Anafundisha watoto, akina maman wa sokoni, hata sisi wazee. Unakumbuka tulivyovuka mto Ulindi tukikimbia vita, mimi nimebebwa mgongoni na mtu nisiyemjua jina? Sitaki kubebwa tena.

Ila kuna shida. Mkwe hawezi kuniona kifua wazi, nami siwezi kuvua mbele yake. Basi niliingia na suruali, shati na koti. Yeye akanipa mgongo, akafundisha akiwa anatazama mlima.

"Papa, piga miguu!"

Nikapiga.

"Papa, uko unaelea?"

Nilikuwa chini, dada! Koti lilikunywa nusu ya ziwa. Maman Domitille, muuza samaki, alinivuta kwa kola: "Muzee, tuko tunaogelea ao tunafua nguo?"

Mwalimu mwingine hakuna. Wewe ndiwe shangazi wa ukoo, mila unaijua wewe. Ukikataa, nitaacha. Nifanye nini?

Kaka yako,
Théodore

Mwenga, 25 Juni 2023

Kaka Théodore,

Jambo sana. Goti ni lile lile, linanitabiria mvua hata kiangazi. Barua yako nimeisoma kwa sauti, na majirani wamecheka mpaka mbuzi wakakimbia.

Lakini sisi wengine tulirudi vita vilipotulia, na nilipofungua bahasha nilidhani na wewe unaleta tarehe ya kurudi. Nyumba yako tumeiezeka mabati. Kiti cha mukubwa wa ukoo kiko kitupu tangu baba mudogo afariki. Na wewe, kwa umri huo, unataka kuwa samaki!

Haya. Baba yetu alipovunjika mguu, nani alimuosha? Si mke wako, marehemu? Alipewa kuku kwanza, ndipo haya ikaondoka. Mupe Ornella kuku jike mbele ya watu, umuambie: "Leo uko mutoto wangu wa kuzaa." Kisha uvue. Si yote, kaka! Ubaki na kaputula.

Ruhusa nimeitoa kwa sharti moja: ukishajua kuelea, urudi nyumbani. Kiangazi hiki barabara inapitika.

Dada yako,
Apolline

Bukavu, 20 Agosti 2023

Dada yangu mpenzi,

Natumaini mumevuna vizuri na goti limekuachia usingizi. Mimi sijawa mzima hivi tangu nitoke huko.

Nilitoa kuku ufukweni, watoto wakashangilia. Ornella akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alinitazama usoni.

"Papa, sasa nitakufokea," akasema.

Alinifokea kweli! "Tumbo juu! Kichwa nyuma! Papa, acha kupigana na maji, hayakukutukana!"

Dada, nilielea! Masikio yalikuwa ndani ya maji, macho mbinguni, mwili hauna uzito. Nilicheka nikameza maji, nikaelea tena.

Habari ya kuku imepanda mlima mpaka mtaa wa Cimpunda, na wazee waliokuwa wanaona haya wameanza kushuka. Lakini hawakubali kushikwa kichwa na kijana, basi Ornella amenipa kazi hiyo mimi. Jana nilimshika Papa Philémon, fundi viatu, mkubwa kunishinda. Kila mara alikuwa ananiuliza kama nimeshika kweli. Nikamwambia nimeshika. Baadaye nikaondoa mikono, na hakujua! Ufukwe mzima ulipiga kelele.

Miaka yote hii nimeishi Bukavu kama mtu anayesubiri gari. Sikupanda hata mti. Sasa kila asubuhi kuna watu wanaoniuliza: "Muzee Théodore, leo ni zamu ya nani?"

Sharti lako nimelisoma mara nyingi, na moyo umeniuma. Nyumba mpe binti yako Micheline na watoto wake. Kitini ukae wewe. Mashauri ya ukoo umeyaamua siku zote. Kukutembelea, nitakuja.

Kurudi, sitarudi.

Kaka yako,
Théodore