Sweta la Daktari Wetu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na heshima zote za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na yale mafua uliyotuambia yamekwisha. Mimi sijambo, ila nimekonda kidogo. Mama anasema vitabu vinanila badala ya mimi kuvila. Usishangae sana jinsi bahasha hii ilivyokufikia mkononi. Nitaeleza, ila niache nifike huko polepole. Unanijua, hata kuomba chumvi mezani huwa naanza kwa kukohoa.

Nimeandika kwa sababu simu yetu haifai kwa maneno haya. Unajua Mama anavyoipokea. Ukipiga tu anaiweka spika, anaiegemeza kwenye kikombe dirishani, kisha anamwita jirani wa mlango wa pili aje amsikie daktari. Jirani naye haji mikono mitupu, anakuja na goti lake. Mara ya mwisho ulimjibu vizuri mpaka akasema hospitali zingekuwa na watu kama wewe, yeye angekuwa anakimbia.

Kuhusu masomo, matokeo yangu ya kumaliza shule unayajua. Wastani wangu ulikuwa wa kuficha chini ya kitanda: Kemia D, Fizikia D, Biolojia C. Kwa alama hizo hakuna chuo cha udaktari kitakachokufungulia hata geti. Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Aliitazama picha yako ukutani, ile uliyovaa koti jeupe, akasema kama mmoja ameweza na wa pili ataweza, tumbo ni lile lile. Kesho yake alinipeleka mwenyewe kwenye darasa la wanaorudia mitihani, akaniacha mlangoni kama mtoto wa chekechea.

Darasa lenyewe liko nyuma ya gereji. Mafundi wakianza kugonga bodi, mwalimu ananyamaza. Wakiacha, anaendelea palepale alipokatia sentensi. Mwalimu wa Kemia tunamwita Tindikali, naye anajua na anaitika. Siku ya kwanza aliuliza nani anataka udaktari. Nikanyoosha mkono, lakini haukupita sikio. Akasema huyu wagonjwa wake atawatibu kwa kuwakonyeza. Darasa zima lilicheka, nami nikatamani gereji wagonge.

Lakini ndiye aliyenisaidia. Aliniambia tatizo langu si kichwa, ni mdomo. Kila nisipoelewa mahali nilikuwa naparuka, naomba Mungu swali la hapo lisije, na swali linakuja. Akanipa sharti: kila kipindi niulize swali moja kwa sauti, la sivyo nitoke nje nikawasaidie mafundi. Mwanzoni niliuliza huku nimeinamia daftari. Hata kwenye jaribio la kudondosha tindikali mpaka rangi ibadilike, nilikuwa nasita kufunga bomba, tone moja linazidi, na yeye anatangaza kwamba nimeua mgonjwa mwingine. Sasa hivi siui tena. Kwenye mtihani wa majaribio nimepata B ya Kemia, B ya Biolojia na C ya Fizikia. Nilitaka ujue hilo kabla ya mengine.

Mama anaendelea na dawa yako. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupika shuleni, anachovya kitambaa kwenye maji ya moto, anakikamua na kukibana kwenye titi la kushoto, pale penye uvimbe, kama ulivyomwagiza kwenye simu uliposema ni tezi tu na itayeyuka yenyewe. Nilimsihi aende hospitali. Akaniuliza mimi mwenye D ya Kemia namkosoa nani. Wapishi wenzake nao walimwambia, akawajibu kwamba wao wana madaktari wa kupangia foleni, yeye ana wa kumzaa mwenyewe. Haijayeyuka, dada. Siku hizi hawezi kunyanyua sufuria kubwa kwa mkono ule. Anaisukuma kwa nyonga.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Tindikali alinieleza kwamba vyuo havifanani: vingine huangalia alama mpya za aliyerudia, vingine huzichanganya na za zamani. Akaniagiza niende nikaulize kwa mdomo wangu. Nikachagua chuo chako. Mama alifurahi kuliko mimi. Alikuwa anakufumia sweta la kijani, akakazana kulimalizia, akanipa nikuletee kwa sababu wodini usiku kuna baridi. Sikukupigia. Nilitaka nikushtukize.

Mama wa mapokezi alinijibu vizuri, kwamba wanatazama alama mpya ila aliyerudia huhojiwa kwa ukali. Nikapata nguvu, nikauliza wanafunzi wa mwaka wa nne wanapatikana wapi, nikataja jina lako. Akasema hamfahamu mwanafunzi huyo, labda nimekosea chuo. Sikushtuka. Nilidhani nimeongea chini chini kama kawaida yangu, nikatoka nje.

Mbele ya geti, ng'ambo ya barabara, kuna duka la kushona na kupiga pasi makoti meupe. Dada, nilikuona. Ulikuwa nyuma ya meza, futi ya fundi imening'inia shingoni. Kwa mbali nilidhani ni kile chombo cha kusikilizia moyo, nikatabasamu peke yangu barabarani.

Akatoka mwanafunzi mmoja na koti begani. Nikamuuliza yule ndani ni nani. Akasema ni Pasi, kila mtu anamjua. Akasema walianza naye mwaka wa kwanza, akafeli anatomia, akarudia, akafeli tena, akaondolewa, na kwamba hakuna anayenyoosha kola kama yeye. Hakusema kwa ubaya. Nilisimama penye nguzo nikakutazama ukimpima mteja mabega. Nilifikiria koti la kwenye picha yetu, nikajiuliza ni la mteja gani. Sikuvuka barabara.

Nyumbani Mama aliuliza kama sweta limekutosha. Nikasema ulikuwa chumba cha upasuaji, nimemwachia rafiki yako. Alikaa akarudia maneno hayo, chumba cha upasuaji, kama mtu anayeonja kitu kitamu. Kisha nikadanganya la pili. Nikasema umetuma neno kwamba aende hospitali akapimwe. Alivaa viatu palepale.

Walimtoa kipande kwa sindano, na juzi majibu yametoka. Ni saratani. Daktari alisema bado inawezekana kukata na kuiwahi, ila si ya kungoja, na anataka jibu Ijumaa ili ampangie siku. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, kisha akasema hatakubali kisu mpaka daktari wake amwambie kwa mdomo wake. Tangu hapo tunakupigia na hupokei.

Sikuandiki kukuhukumu. Mimi na D zangu nitamhukumu nani? Nadhani najua ilivyokuwa. Uliruka pasipoeleweka, na swali likaja, tena kwenye spika, na jirani ameshavuta kiti. Lakini sasa nakuomba jambo gumu. Nimewaza kumwambia ukweli mwenyewe, nikaogopa kwamba nikikuangusha wewe, hospitali nzima itaanguka pamoja nawe, naye atarudi kwenye kitambaa chake. Kwa hiyo piga simu. Ongea kwa sauti ile ile. Mwambie akubali kukatwa, na aache maji ya moto. Safari hii utakachosema ni kweli, hata kama anayekisema si daktari. Akishapona, mimi na wewe tutakaa mbele yake tumweleze yote, nami nitakushika mkono.

Usipopiga mpaka Alhamisi jioni, nitaishusha picha ukutani na kumwambia mwenyewe. Nimeshaanza kujizoeza kuulizwa na kujibu.

Matokeo yangu ya kurudia yakitoka nitakujulisha kwa anwani hii hii ya duka. Jirani anakusalimu, na goti lake pia. Mama naye anakusalimu sana. Hajui nakuandikia, lakini kila siku anasema daktari wake asikae na baridi, kwa hiyo sweta nimelitia kwenye kifurushi hiki. Ukilivaa utaona mkono wa kushoto umefumwa legelege. Ndio aliomalizia, mkono wake mwenyewe ukiwa umeshaanza kumuuma.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kimya