Kope Zako Hazikuwa na Kiburi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huko ulikolala hutaniitikia, lakini mimi ni mtoto wa Tanga, siwezi kuanza kusema na mkubwa bila kumwamkia. Na leo nina maneno mengi, na ndani yake mna msamaha ninaouomba kwako, nimechelewa miaka kumi na tisa.

Unakumbuka wiki ya kwanza nilipoletwa hapa Tengeru kama bibi harusi? Nilipika wali wa nazi na kuku wa kupaka, nikajiona fundi. Ukatafuna kidogo, ukasogeza sahani. Nikasema haya, labda huyu Mmeru hajazoea nazi. Nikaenda kwa wifi Naeli, binti yako, anifundishe loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, kama mnavyopenda huku mlimani. Hiyo nayo ukaigusa tu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba asubuhi nilikusikia ukicheka na mama anayeleta maziwa, na uji wako unaumaliza wote. Jua likishaanza kuinama, mimi napewa kope zilizoshuka na mdomo usiotaka hata kutabasamu. Nikamwambia mwanao, "Mama yako ana kiburi." Akanijibu, "Mama hana kiburi, mama amechoka tu." Tulinuniana siku mbili kwa ajili yako.

Halafu ikaja ile jioni wazazi wangu walipokuja kutoka Tanga. Umekaa mezani na wageni, mkono shavuni, umeshika tama. Kwetu mtu hashiki tama mbele ya chakula, ni kuita msiba nyumbani. Baba yangu aliacha kula akawa anakutazama. Nikaona aibu, nikakwambia mbele ya watu wote, "Mama, toa mkono shavuni. Hapa hakuna aliyekufa." Ukautoa. Taya likalegea, chakula kikadondoka kwenye kitenge chako kipya. Uliinuka taratibu ukaenda chumbani, na tangu siku ile ulikula peke yako.

Nilipojifungua binti tukampa jina lako, Aikaruwa, kama ilivyo desturi ya huku kwa binti wa kwanza. Ulimpakata mara chache sana. Nikasema moyoni, hata mjukuu hamtaki. Kumbe uliogopa mikono isije ikamwachia. Ulifariki hajaanza kutembea, kifua kimebana, na hakuna aliyejua ulikuwa unaumwa nini hasa.

Sasa Aika ana miaka ishirini na anasoma chuo, Makumira. Mwaka jana wenzake walianza kumtania kwamba analala darasani na macho yamefumbuka nusu. Mimi nikamgombeza aache simu. Siku moja tunakula, nyama ilikuwa ngumu kidogo, nikamwona anaweka mkono chini ya taya na kulisukuma ili atafune. Mama, kijiko kilinidondoka.

Wifi Naeli aliposikia akaja na shangazi wawili. Unamjua binti yako, hana simile. "Hii ni kazi ya mwenye jina," akasema. "Mama aliondoka na kinyongo, sasa amemrudia mtoto. Tumpe jina lingine, yaishe." Wakapanga Jumapili, tukitoka ibadani, mbuzi achinjwe na mtoto aitwe upya. Nami ninayejua kinyongo chenyewe kama kipo kinatoka wapi, nilikubali. Niliona bora nikufute wewe nimponye mwanangu. Aika akaniuliza, "Mama, bibi alikasirikia nini?" Nikajifanya natafuta chumvi.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo tulikuwa na miadi hospitali ya rufaa, kuchukua majibu ya damu aliyopimwa kabla Naeli hajaja. Daktari ni msichana mdogo tu, ningeweza kumzaa. Alimwambia Aika atazame juu darini asishushe macho. Nikaona kope zinashuka taratibu, zenyewe, kama zako. Akatueleza kwamba mwili una kingamwili, askari wa kupambana na magonjwa, na kwa Aika baadhi yao wamekosea adui. Wanashambulia pale mshipa wa fahamu unapoupa msuli amri. Ndiyo maana asubuhi msuli una nguvu, na kadiri unavyotumika unachoka.

Aika akauliza, "Kwa hiyo dokta, bibi hajanikasirikia?"

"Bibi gani?" daktari akashangaa.

Nililia pale pale, mama, mpaka nesi akaniletea kiti.

Kuna vidonge, na ameanza kuvitumia. Kuna na dawa nyingine za kutuliza kinga yote ya mwili, ila hizo, alisema, ni kama kufyeka shamba zima kwa ajili ya magugu, maharage nayo yanakwenda. Ndipo akatuambia kwamba watafiti sasa wanasanifu protini maabara, upande mmoja umefanana na kile kitu ambacho kingamwili mbaya hukishambulia. Ile mbaya ikijinasa pale, upande wa pili unaipeleka ikavunjwevunjwe, na kingamwili nzuri zinabaki kazini. Alisisitiza kwamba bado inajaribiwa, haijafika kwetu, wala hajui itafika lini. "Msiache vidonge kwa kusubiri," alisema. Sitaacha. Lakini kusubiri nasubiri, kwa raha zangu, maana mara hii ninajua ninachosubiri.

Jumapili ilipofika mbuzi alikuwa ameshafungwa uani. Nikasimama mbele ya ukoo wako, nikawasimulia ile jioni ya tama, neno kwa neno, na daktari alichosema. Nilidhani Naeli atanirarua. Akaficha uso kwenye kanga akasema, "Na mimi nilikuwa namwambia anajidekeza. Mama yangu mzazi." Basi tukalia wote, wakwe kwa mawifi.

Nisamehe, mama. Ulikuwa mgonjwa, nami nikakuhukumu. Hukuwa na kinyongo na mtoto, na kama ulikuwa nacho na mimi, kilikuwa haki yako.

Shangazi mkubwa alipofuta machozi akamgeukia mjukuu wako. "Haya mwanangu, sisi wazee tumechanganyikiwa. Tukuiteje sasa?"

Alikuwa amekula vidonge vyake, kope ziko juu, akawatazama mmoja mmoja.

"Aikaruwa," akasema. "Lote. Msinikatie tena."

Pumzika, mama. Hapa nyumbani unaitwa kutwa nzima, na kuna anayeitika.

Mkweo,
Mama Aikaruwa