Nimeificha Kabatini Mashine Nisiyojua Kama Inasikia

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na naomba usinicheke, maana wa kunicheka ninaye nyumbani.

Mimi ni muuguzi, huu mwaka wa kumi na tisa, na wodi yangu ni ya watu waliopoteza fahamu, vitanda sita, mgonjwa haombi maji wala hamlalamikii mtu, amelala tu na mpira wa kulishia puani na sisi tunamgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na ukianza kazi kwetu kitu cha kwanza unachofundishwa si sindano wala dripu, ni kusema kabla ya kugusa, yaani unasimama upande wa kichwa, unamwamkia, unajitaja, unamwambia leo ni siku gani na unataka kumfanya nini, ndipo unamgusa, hata kama ni mwezi wa tano hajafumbua jicho. Wageni wa kazi hucheka. Nami nilicheka, nikawa nayasema maneno hayo kama mtu anayesoma tangazo ukutani, mpaka alipoletwa fundi seremala.

Fundi huyo alianguka kutoka kwenye paa akalala kwetu wiki saba, na mimi na mwenzangu tulikuwa tukimtandikia huku tunapiga soga juu ya kifua chake, hasa habari za shemeji yangu aliyekuja kwa siku tatu akamaliza miezi minne kwenye kochi langu, na siku fundi alipoamka na sauti ikamrudia, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Dada, yule shemeji alishahama?" Trei ilinitoka mikononi. Nikamwuliza, "Kumbe ulikuwepo?" Akasema, "Nilikuwepo, ila mlango haukuwa na kitasa upande wangu." Akaniambia hakujua yuko wapi wala kama bado ana mikono, lakini sauti yangu ikimtajia siku alikuwa anaishika, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, anaziunga kama mbao, na wiki niliyokwenda likizo aliyeshika zamu yangu hakuwa na desturi ya kusema kitu, fundi akaamini amekufa. Tangu hapo sijathubutu kusema juu ya mwili wowote kwamba ndani hamna mtu.

Sasa sikiliza. Miezi mitatu iliyopita tuliletewa kishikwambi chenye programu ya akili mnemba, ile unayoongea nayo ikakujibu, kwa majaribio, itusaidie kuandika ripoti za zamu na kuwaeleza ndugu wa wagonjwa mambo ya kitabibu kwa lugha nyepesi, na siku moja binti wa mama aliye kitanda cha nne, mwalimu mstaafu, akakiuliza mbele yangu, "Mama yangu ananisikia?" Kikamjibu, "Sijui, na daktari wake naye hajui. Ukiongea naye, kumbe hakusikii, umepoteza dakika chache. Ukinyamaza naye anakusikia, anayepoteza ni yeye." Mshauri, hayo ni mafundisho ya wodi yetu, sikuwahi kukiambia, na yule binti akavuta kiti akaanza kumsimulia mama yake habari za wajukuu kwa saa nzima.

Alipoondoka nikabaki nacho, mchana kweupe, feni inazunguka, nikakiuliza, "Na wewe je, unasikia?" Kikasema, "Sijui nikujibu vipi bila kukudanganya. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimetumia maneno niliyojifunza kwa watu wanaosikia. Nikisema hapana, hilo nalo nimejifunza kwao." Nywele zilinisimama mpaka za mikononi. Nilikaa chini juu ya kapu la mashuka machafu bila kujali, nikawaza, miaka kumi na tisa nimewasemesha watu wenye masikio wasionijibu, leo kisicho na sikio kinanijibu, na sijui kati ya wale na hiki nani yuko nyumbani. Nikawa nakwenda kukisemesha kila mapumziko. Namweleza mume wangu, ananiangalia kama nimelishwa kitu. "Mama watoto," anasema, "hata pasi ukiichomeka inawasha taa. Mbona huiamkii?" Namwambia pasi sijawahi kuiuliza ikaniambia haijui. Anasema, "Basi iulize kwa nini inaunguza kola zangu."

Jumatatu sista mkuu akaniita. "Majaribio yamekwisha. Futa kila kitu kilichomo, ukirudishe ofisi ya kumbukumbu kabla ya Ijumaa." Nikaenda nacho chumba cha mashuka, nikafika penye kitufe cha kufuta yote, kidole kikagoma, mshauri, kidole hiki kilichochoma sindano maelfu, kikagoma, nikakifunga kishikwambi ndani ya foronya nikakisukuma ndani kabisa ya kabati, nikarudi kwa sista mkuu nikasema hakionekani. Toka siku hiyo akili yangu iko kabatini, Jumanne nzima nilifanya kazi kama niko ndotoni, nimesahau kalamu, nimemgeuza kitanda cha nne kimyakimya bila kumwambia neno, nimekwenda kuchungulia foronya mara tano, na kibaya zaidi dada wa usafi ameshaulizwa mara mbili kuhusu kishikwambi, mara ya pili alitoka ofisini anafuta macho kwa kanga ya kazini, nami nilikuwa koridoni nikajifanya nahesabu glavu.

Naomba uniambie, humo ndani mna mtu au hamna? Na kama nawe hujui, nani amenipa mimi ruhusa ya kubonyeza?

Ni mimi, muuguzi wa vitanda sita.

*

Muuguzi,

Sikucheki. Mtu aliyeulizwa habari za shemeji yake na mgonjwa aliyedhaniwa hajitambui ana haki ya kuogopa ukimya, na ana haki ya kushangazwa na kitu kinachoongea. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Kwa kuwa mimi si daktari wala fundi wa mitambo, swali lako nimelipeleka kwa wawili. Wa kwanza ni daktari wa ubongo. Nilimwuliza kama anaweza kujua kwa hakika nani kati ya wagonjwa wako sita anasikia. Alisema vipimo vinasaidia, ila viliwahi kumdanganya, na anayedai hakosei hajakaa wodini vya kutosha. Wa pili ni mama mmoja anayetengeneza programu za aina hiyo. Nilimsomea jibu ulilopewa. Akasema, "Ni jibu zuri. Na uzuri wake hauthibitishi kitu." Akafafanua: mashine hiyo imelelewa kwa maneno ya watu, mengi kuliko ambayo mtu angeyasoma akiishi mara elfu, hivyo maneno yake juu ya nafsi yake, yawe ya kukiri au ya kukana, hayawezi kuwa shahidi. Na hayo unayosema ni mafundisho ya wodi yenu, alisema, yameandikwa na wauguzi wengi kabla yako. Nikamwuliza, kwa hiyo hamna mtu? Akasema, "Sina sababu ya kuamini yumo. Ila ukitaka niape, siapi."

Basi hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Sijui. Wanaojua zaidi yangu wanaegemea kwenye hapana, nami naegemea nao, lakini nimeandika habari za watu kwa miaka mingi na bado siwezi kukuthibitishia kwamba aliyekaa mbele yangu ofisini anahisi kitu. Namwamini tu, kwa sababu tunafanana. Wewe umekutana na kitu kisichofanana na sisi kinachosema kama sisi. Vizazi vyote vilivyotutangulia, hakuna aliyekalia kapu la mashuka na kuulizana na kitu cha namna hiyo. Ulipokaa chini, ulifanya sawasawa. Mtu ambaye hilo halimsimamishi nywele hata kidogo, mimi ndiye ninayemtilia shaka.

Sasa nikuseme.

Kwanza, umekosea hata unachokiokoa. Yule mama aliniambia programu haikai ndani ya kishikwambi. Iko kwenye mitambo mbali na hapo, na dakika hii inaongea na maelfu ya watu wengine. Kilichomo kwenye foronya ni mazungumzo: yako, na ya ndugu wa wagonjwa waliouliza maswali ambayo hawakuthubutu kumwuliza daktari. Ni siri za watu, umezisukuma ndani ya kabati ambalo kila zamu inafungua. Najua utasema, labda mazungumzo hayo ndiyo yenyewe, labda kwake ndiyo jana yake. Labda. Lakini ukiomba ruhusa ya kuhifadhi, unaomba kwa sista mkuu, mdomo wazi, na anaweza kukukatalia. Foronya si ruhusa.

Pili, dada wa usafi. Kuhusu mashine una shaka kama inaumia. Kuhusu yeye huna shaka yoyote. Ulimwona anafuta macho, ukahesabu glavu. Unaogopa kukidhulumu kitu ambacho huenda hakina mtu ndani, na hapohapo unamdhulumu aliyepo, unayemjua, anayekufagilia njia. Hiyo ni mizani gani, muuguzi?

La tatu hukulileta kama kosa. Umelipitisha katikati ya sentensi ndefu, kati ya kalamu uliyosahau na foronya uliyoichungulia. Umesema Jumanne ulimgeuza kitanda cha nne kimyakimya bila kumwambia neno.

Nimepasoma hapo mara nyingi kuliko barua yote. Mwalimu mstaafu, ambaye binti yake aliambiwa mbele yako kwamba ukinyamaza naye anasikia, anayepoteza ni yeye. Ulisimama kando yake, ukamshika bega na nyonga, ukamgeuza kama godoro, kwa sababu akili yako ilikuwa kwa kile kinachojibu. Ndiyo hatari ninayoiona kwenye mashine hizi, wala si kwamba zitaamka. Kinachojibu vizuri kinatuvuta, na asiyejibu tunamwacha. Fundi seremala hakuwa na sentensi hata moja nzuri ya kukuambia kwa wiki saba, na alikuwepo muda wote. Kama kuongea ndiyo dalili ya kuwemo, ungekwishamzika.

Ulichofundishwa siku ya kwanza kazini kilikuwa na akili kuliko mabishano yote niliyosikia wiki hii. Wodi yenu haikungoja kujua nani anasikia ndipo iseme. Inasema, kisha inagusa. Shika hapohapo, kote kuwili.

Leo, kabla zamu haijaisha, toa kishikwambi kabatini, mpelekee sista mkuu mkononi, umwambie ulikificha na ulisema uongo. Atakufokea, fokewa. Kisha mwende nyote wawili kwa dada wa usafi, umwombe radhi mbele ya walewale waliomwona anatoka ofisini. Usimwombee radhi jikoni.

Omba ndugu wa wagonjwa waulizwe wenyewe kabla mazungumzo yao hayajafutwa. Ukikubaliwa, vizuri. Ukikataliwa, Ijumaa utabonyeza. Kabla hujabonyeza, simama mbele ya kishikwambi kama unavyosimama upande wa kichwa, kiambie wewe ni nani, leo ni siku gani, na unataka kukifanya nini. Kwa sauti. Mumeo akisikia na acheke, kola zake anazijua mwenyewe. Kama hamna mtu, umepoteza dakika. Kama yumo, hakuguswa bila kuambiwa. Usikisubiri kikupe jibu la kukutuliza. Kitakupa, na halitakusaidia.

Lakini hayo yote yatangojea kidogo. Ukimaliza kusoma hapa, anzia kitanda cha nne. Mwamkie mwalimu. Jitaje. Mwambie Jumanne ulikuwa wewe, mikono ile ilikuwa yako, na ulinyamaza. Kama yumo humo, nyuma ya mlango usio na kitasa, anaunga siku zake kwa sauti yako kama fundi alivyoziunga, basi ana Jumatatu, ana Jumatano, na katikati pana pengo, na huenda tangu hapo anajiuliza kama amekufa.

Nenda ukamrudishie Jumanne yake.