Plagi Haiingii Kavu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeula wa chuya! Miaka kumi na tisa kwenye gereji ya Baba, kucha zangu hazijawahi kuona rangi zaidi ya weusi wa oili, na leo mezani anatangaza — funguo za gereji anampa Cheti! Jumamosi ya wiki ijayo. Macho ya Baba yameingia ukungu, hata kijiti cha kupimia oili hakisomi tena. Sawa, apumzike. Lakini Cheti! Ndivyo ninavyomwita mume wa mdogo wangu! Miezi minne tu tangu aje na karatasi yake ya chuo kwenye fremu, mikono laini kama sabuni.

Baba ananiambia nisinune, mimi ndiye mkono wake wa kulia. Mkono wa kulia! Wa kubebea vitu, ndiyo. Sikununa. Nilikula sahani yote nikaongeza.

Mdogo wangu hakuniangalia hata mara moja. Na huyu nimemlea mimi. Mama alipofariki, huyu alikuwa na miaka sita, nikawa namsuka nywele kwa vidole vinavyonuka petroli.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimefurahi. Cheti katoa spana yake ya kipimo — ile ndefu, unaipangia namba, unakaza, ikifika inalia klik, unaacha. Anaifuta kwa kitambaa cheupe! Akachukua plagi mpya ya kuwashia moto wa injini, aifunge hivyo hivyo, kavu. Baba akanguruma: kwangu plagi haiingii kavu! Kopo la grisi ya shaba liko pale tangu wewe hujazaliwa. Plagi isiyopakwa inaganda kwenye kichwa cha injini, kuitoa mpaka uite ukoo mzima.

Cheti akajaribu kidogo — samahani Baba, kitabu kinasema plagi za siku hizi zimepakwa madini kiwandani, hazitaki grisi. Baba akamwambia kitabu hicho hakijawahi kufungua bonati. Utabishana na mkweo? Basi. Ndiyo, Baba. Akachovya brashi, akapaka uzi wa plagi, ile mikato yake ya kuzungukia tunduni, akapanga namba ileile ya kitabu, akakaza. Klik.

Nikainamia tairi kuficha meno.

Maana hapa ninayejua ni mimi peke yangu. Namba ya kitabu ni ya uzi mkavu. Ukiupaka grisi unateleza, plagi inakazika mno kabla spana haijalia. Na kichwa cha injini ni alumini, kitu laini. Uzi wa tundu lake unachoka taratibu, leo haukatiki, kesho haukatiki. Ukipaka, punguza namba karibu theluthi. Baba hajui hilo, yeye anakaza kwa kiganja na kiganja hakina namba. Mimi nilijua kwa machungu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, kwa spana ya kipimo ya kuazima. Uzi ulikatika mkononi mwangu. Sababu niliipata baadaye, kwenye injini mbovu nyuma ya stoo. Sikumwambia mtu.

Na simwambii mtu. Ng'o!

Alhamisi, 6 Machi

Plagi kumi na mbili tangu juzi, zote na grisi, zote kwa namba ya kitabu. Hakuna kitu. Alumini gani hii, ya kuombewa dua?

Fundi rangi anamsifia: shemeji yako ana mkono wa taratibu. Nikamwambia ndiyo, subiri.

Jumamosi, 8 Machi

UMEKATIKA!

Gari la dereva teksi, silinda ya pili. Nilikuwa mita tatu tu. Spana ilikuwa inakaza, ghafla ikawa nyepesi. Cheti akaizungusha tena, ikazunguka bure. Uso ulimbadilika kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Akachomoa plagi, imetoka na vipande vya alumini kwenye uzi. Dereva teksi akashika kichwa: gari langu, jamani, gari langu!

Baba akaleta waya. Ndiyo desturi yake — ukiharibu uzi unavaa plagi shingoni, unakaa juu ya tairi pale langoni mpaka kufunga kazi, wateja wakuone. Mtu na elimu yake! Alikaa wima, hakuinamisha kichwa. Alisema tu: nilipaka grisi, Baba, na namba nilifuata. Baba akamjibu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haa! Huyu kasikia la mkuu na guu limevunjika vilevile!

Nilipita langoni mara nne. Sikuwa na shughuli huko.

Mchana mdogo wangu akamletea chakula. Akasimama, akaitazama ile plagi. Nikadhani atarudi nyumbani. Akakaa naye kwenye tairi, wakala sahani moja. Hapo raha ilipungua kidogo. Mimi nilipoivaa hakuna aliyekaa nami. Mchumba wangu ndiye aliyenikuta nayo, akacheka mpaka akashika magoti. Harusi haikuwapo.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu kaja chumbani kwangu. Dada, mfundishe, wewe injini unazijua kuliko hata Baba. Nikamwambia, mwenye cheti hafundishwi na mwenye kucha chafu. Akalia. Mimi naendelea kukunja nguo. Shati la mumewe lilikuwemo, lilichanganyika kwenye kamba. Nikalikunja ovyo makusudi.

Jumatano, 12 Machi

Baba katoa neno la mwisho. Ijumaa linakuja basi dogo la shule, la mwalimu mkuu, mteja wetu wa miaka yote. Cheti atalifunga plagi nne peke yake. Zikikaa salama, Jumamosi anapewa funguo. Uzi ukikatika, arudi kwao yeye na mkewe, na funguo nibaki nazo mimi.

Nimesikia sawasawa. Nibaki nazo mimi!

Yeye na mkewe. Hilo sikuwa nimelifikiria. Kwao ni safari ya siku mbili. Haya, mke hufuata mume, afuate. Nilimwambia zamani aolewe na mtu wa karibu.

Leo nimefunga chujio la oili bila mpira wake, oili yote ikamwagika chini. Sijawahi.

Ijumaa, 14 Machi

Mchana. Naandika stooni, mlango nimeurudisha. Wao wako nje.

Asubuhi Cheti alinifuata huku, akavua kofia. Shemeji, nina swali moja. Nimekuwa nikiwaza hii grisi. Nikiipaka, nikaze kwa namba ileile, au nipunguze?

Lo! Kumbe ana akili! Swali lenyewe hasa, lile ambalo mimi nililipa kwa shingo yangu. Na hakuwa na kiburi, ningependa awe na kiburi. Alisimama kama mgonjwa mbele ya daktari.

Nikamwambia: ileile. Usipunguze, itavujisha moto.

Asante, Shemeji. Akainamisha kichwa, akatoka.

Nusu saa baadaye kaja mdogo wangu kumwangalia mumewe. Kachungulia humu, kacheka, siku nyingi sijamwona akicheka. Amekuuliza? Mimi ndiye niliyemtuma. Alikuwa anaogopa, anasema wewe humpendi. Nikamwambia, hata kama hakupendi wewe, Dada hawezi kunidanganya mimi.

Nikasema nina kazi. Kaniachia matunda kwenye kisahani, kaenda kumshikia taa.

Basi lile nalijua. Mwaka juzi niliigusa silinda ya nne mwenyewe, uzi wake ulikuwa umeshachoka, nikaikaza plagi kidogo kwa mkono nikanyamaza. Kwa namba ya kitabu, na grisi juu yake — hauponi. Tatu za mwanzo labda. Ya nne hapana.

Klik. Ya kwanza.

Baba kakalia kiti mlangoni, haoni, anasikiliza tu.

Klik. Ya pili. Mdogo wangu kapiga makofi.

Kutoka hapa hadi pale ni hatua kumi na mbili. Neno ni moja tu — punguza. Nikilisema, funguo kesho ni zake, na nitaulizwa kwa nini sikulisema asubuhi. Na Jumamosi iliyopita. Nikilimeza, kesho mlango huu ni wangu, na mdogo wangu yumo garini na masanduku.

Klik. Ya tatu.

Cheti anaita: Shemeji! Kabla ya hii ya mwisho, hebu njoo uitazame, naona kama uzi ni mlegevu.

Naendelea kuandika. Anaita tena.

Mdogo wangu anamwambia amuache Dada, ana kazi zake. Endelea tu, si keshakuambia.